Kaburi la Vipande Vitatu

Shahi Dauran hakujua kusoma hata jina lake, lakini ukimpa kipande cha jiwe chenye mguu mmoja tu, atakwambia ni mguu wa nani, anakwenda wapi, na nani kabaki nyuma akimlilia. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mlinzi wa magofu ya Wabudha wa kale yaliyo juu ya kijiji cha Gulbanda, huku kwetu katika bonde la Swati, na kabla ya hapo alibeba makarai ya udongo maprofesa walipokuwa wakichimba. Walimsimulia habari za kila jiwe, naye akazishika zote. Wenye kalamu huandika kisha wakasahau. Yeye hakuwa na pa kuandika, basi ilimbidi akumbuke.

Msije mkamdhania vibaya. Alikuwa Mwislamu kama sisi, swala tano hazimpiti, na funga yake haikuwa ya kuibia. Mawe yale kwake yalikuwa amana, na mwenye amana hulinda alichopewa, kiwe mbuzi, kiwe jiwe. Kijijini walimtania, na aliyezidi wote alikuwa Sabz Ali kinyozi, waliyekua naye wakiiba matofaa ya watu.

"Ee Dauran, wajukuu zako wa mawe wameamkaje?"

"Wameamka salama. Wana adabu kuliko wako."

"Wangu wanakula, bwana."

"Ndiyo maana nikasema wana adabu."

Huo ulikuwa utani wa miaka ya salama. Kisha wakashuka watu wenye bunduki kutoka milimani, na utani wote ukaanikwa juani ukakauka. Sabz Ali akakatazwa kunyoa ndevu, akakigeuza kioo chake kikatazama ukuta, akawa anauza viberiti. Ng'ambo ya mto, sanamu kubwa lililochongwa mwambani lilitobolewa, likatiwa baruti. Kila jioni baada ya swala, redio ya wale watu ilisoma majina. Ukisikia jina lako leo, kesho unakwenda kutubu mbele yao. Usipokwenda, keshokutwa unakutwa maiti penye njia panda, na aliyekukuta hakusimulii vizuri. Watu wazima walikaa kimya mbele ya redio kama watoto wanaosubiri kuchapwa, na jina la mtu mwingine likisomwa, walipumua, kisha wakaona haya kwa kupumua.

Ghala la magofu lilikuwa na vipande kama tisini. Wakubwa wa mjini, wenye makumbusho, walikuja na gari moja, wakachukua vilivyoingia, wakamwachia Dauran ufunguo. "Vilivyobaki tutavifuata wiki ijayo," walisema. Wiki hiyo haikufika. Barabara ilifungwa, simu zikakatwa, na jioni moja ya mwezi wa Desemba redio ikasema: "Na wapo wanaolinda masanamu kwa mshahara. Tunawajua." Jina halikutajwa. Dauran alikuwa na tonge la mkate wa mahindi mdomoni, akashindwa kulimeza na kulitema pia.

"Watakuja," alimwambia mkewe, Bakhtmina.

"Wape ufunguo."

"Nitawapa. Lakini si vyote."

"Mwanamume wewe una kichaa? Wakikuua, vipande vya mawe ndivyo vitakavyokuzika?"

Dauran aliogopa, nami nasema wazi. Lakini kulikuwa na mawe matatu pale ghalani ambayo aliyatoa ardhini kwa vidole vyake mwenyewe, na kila alipowaza nyundo ikiyashukia, alihisi kitu kifuani kama jino linalong'olewa.

Asubuhi alitandika punda, akajaza matenga samadi ya ng'ombe, akapanda hadi ghalani mchana kweupe. Usiku wale watu walikuwa na doria. Mchana, nani atamsimamisha mzee mwenye samadi? Aliyafunika mawe kwa mavi, akashuka. Njiani walimsimamisha vijana wawili wenye nywele ndefu. Mmoja alichungulia tenga, akaziba pua, akasema, "Pita, ami, pita." Dauran alipita, na jasho lilimtiririka mgongoni theluji ikianguka.

Bakhtmina aliyaosha mawe uani kwa maji ya moto. Alinung'unika alipoanza, kisha akanyamaza, kisha akamwita mumewe kwa jina la binti yao, "Baba Nazia, njoo unieleze. Huyu kalala?"

Yalikuwa mapande matatu ya ubao mmoja wa jiwe, jiwe letu lile la kijivu linalometameta. La kwanza lilionyesha chumba, mke kitandani, na chini yake wapiga ngoma waliosinzia juu ya ngoma zao, mmoja mdomo wazi. La pili lilionyesha mwana wa mfalme, ambaye baadaye ndiye Budha, juu ya farasi akitoka langoni, na vijitu vifupi vimebeba kwato za farasi viganjani mwao ili zisitoe sauti. La tatu farasi huyohuyo kapiga magoti akiramba miguu ya bwana wake wakiagana, na mtumishi kando kashika kilemba na mapambo ya kurudisha nyumbani. Kichwa cha mtumishi kilikuwa kimevunjika tangu enzi, lakini mabega yake yalitosha. Ukiyatazama unajua mtu huyu analia.

"Kamwacha mkewe usingizini?" Bakhtmina aliuliza.

"Ndiyo. Alikwenda kutafuta dawa ya mauti na uzee."

"Na kitoto?"

"Kipo. Kimezaliwa juzijuzi."

"Mwanamume gani huyo! Anatafuta dawa ya mauti, na uji wa mzazi nani atapika?" Alimimina maji mengine juu ya uso wa yule mke, akausugua taratibu kwa kidole gumba. "Maskini. Asubuhi akaamka, kitanda baridi. Na hawa wapiga ngoma wajinga hawakusikia kitu."

"Kwato zilibebwa."

"Nimeziona. Wanaume hamkosi wa kuwabebea kwato."

Wakatafuta pa kuyaficha. Chini ya sakafu? Wale watu walikwishafukua sakafu za watu wakitafuta silaha. Ndani ya ukuta? Udongo mbichi unaonekana wakati wa baridi. Ndipo Dauran akawaza kaburi. Wale watu walibomoa mengi, lakini kaburi la kawaida la Mwislamu, lisiloombwa, hawakuligusa. Bakhtmina alifungua sanduku lake akatoa kitambaa cheupe alichojiwekea kwa sanda yake mwenyewe, akakichana nusu. Wakayafunga mawe. Dauran akachimba shimo la kitoto pembezoni mwa makaburi ya kijiji, chini ya mizeituni mwitu, akaweka jiwe la kichwani na la miguuni, akarundika udongo, akarudi nyumbani na koleo begani.

Sabz Ali alikuwa anapita na viberiti vyake. "Nani tena?"

"Mtoto wa wachungaji wa mbuzi," alisema Dauran. Uongo huo alikuwa ameufanyia mazoezi njia nzima. "Walikuwa wanapita, mtoto akafa kwa kifua. Baba yake na mimi tukamsalia, wakaendelea na safari."

"Innalillahi. Mbona hukutuita?"

"Walikuwa na haraka."

Sabz Ali alimtazama, akaitazama theluji, akasema, "Mungu amrehemu," akaenda zake.

Siku ya tatu wale watu walifika ghalani. Dauran aliwapa ufunguo kwa mikono miwili. Walivunja kila kitu kwa nyundo, kutwa nzima, na yeye wakamsimamisha mlangoni atazame. Kiongozi wao hapa kwetu alikuwa Rahatullah, aliyekuwa akiuza dengu za kukaanga kituo cha mabasi kabla hajaota bunduki. Alimzaba Dauran kofi moja, si kwa hasira, kama anayelipa ushuru, akamwambia, "Sasa umestaafu, ami." Akaondoka. Dauran alikwenda nyumbani na shavu limevimba, akamshukuru Mungu, akalala siku mbili. Alidhani yamekwisha.

Huyu mtu aliyejua mguu wa kila jiwe alisahau watu wake mwenyewe. Sisi ni watu wa makaburi. Anayefia safarini, mbali na kwao, huwa shahidi, hilo kila bibi kijijini analijua. Na mtoto, tena asiye na dhambi? Tena hana mama wa kumwombea hapa? Kabla mwezi haujaisha, bibi mmoja jirani, Tajbaro, mwenye mdomo usiochoka, alimwonea huruma mgeni yule wa ardhini, akaenda Alhamisi kumwagia nafaka kwa ajili ya ndege. Mjukuu wake alikuwa na kifaduro. Akachukua udongo kidogo wa kaburini, akautia katika maji, akamnywesha. Kikohozi kikaacha.

"Kimeacha!" Tajbaro alitangaza bombani mbele ya wanawake wote. "Usiku uleule! Yule mtoto si mtoto wa hivihivi."

Bakhtmina alileta habari nyumbani bila kufunua shuka kichwani. "Wamefunga kitambaa chekundu."

"Wapi?"

"Unauliza wapi? Kwa mwanao wa jiwe! Kitambaa chekundu juu ya fimbo. Na chumvi wameweka, watu waonje kwa baraka."

Dauran alikaa chini kwenye kizingiti. Hao wenye bunduki walichokichukia kuliko masanamu ni makaburi yanayoombwa. Walikwishalipua mawili bondeni, na mtunza kaburi mmoja alikutwa njia panda. Alikuwa amekimbia moshi, sasa moto huu hapa, tena kauwasha yeye.

Alikwenda akang'oa kitambaa. Kesho yake vilikuwa viwili. Aling'oa tena, na Tajbaro akamvamia njiani.

"Weye Dauran, huogopi? Unamvua shahidi nguo?"

"Mama, wataleta balaa hawa watu. Mwacheni mtoto apumzike."

"Wewe ndiye umwache! Umemzika tu, hukumzaa." Akasogea karibu. "Au unajua kitu tusichokijua?"

"Sijui kitu."

"Basi usiguse."

Kuanzia hapo hakuthubutu kugusa, maana kila alipogusa alizidi kuonekana. Vitambaa vikawa tisa, kumi na vitatu, vya kijani, vyekundu, kimoja cha dhahabu kilichokatwa katika nguo ya harusi. Kutoka darini kwake Dauran aliviona vikipepea, na upepo ukivuma tu, aliingia ndani. Aliacha kula vizuri. Mtu akibisha hodi, alimtuma Bakhtmina aulize kwanza, kisha akaona haya kwamba amemtanguliza mwanamke, kisha hodi nyingine ikija akamtuma tena.

Walikuja Alhamisi baada ya alasiri. Rahatullah na watu sita, wawili wana koleo. Wanawake waliokuwa kaburini walitawanyika kama kuku. Wanaume wa kijiji waliitwa wasimame, naye Sabz Ali alikuwamo, viberiti mkononi.

"Assalamu alaikum, ami Dauran," alisema Rahatullah kwa upole. Upole wake ndio uliotisha. "Jambo dogo tu. Ulimzika wewe huyu?"

"Waalaikumu salaam. Mimi, mwanangu."

"Mtoto wa nani?"

"Wa wachungaji. Wale wa mbuzi."

"Lini?"

"Desemba."

Rahatullah alitikisa kichwa kama mwalimu aliyesikia jibu alilolitarajia. "Ami, mimi nimeuza dengu kando ya barabara ile miaka sita. Wachungaji wa mbuzi nawajua mpaka majina ya mbwa wao. Wanashuka kabla ya theluji. Desemba utampata mchungaji gani huku juu? Mbuzi wake wanakula nini, barafu?"

Hakuna aliyecheka. "Walichelewa," alisema Dauran. "Mtoto alikuwa mgonjwa."

"Kaburi la Mwislamu silifukui, haramu. Lakini kama halina Mwislamu, ni shimo tu. Na nimeanza kuwaza, mlinzi wa masanamu anachimba shimo wiki ileile tuliyokwenda ghalani kwake." Aliwaashiria wenye koleo wasogee. "Nani alimsalia?"

"Mimi na baba yake."

"Nani alimwosha?"

Uongo wote aliokuwa ameufanyia mazoezi Dauran haukuwa na mwosha maiti. Aliona koleo moja likigusa udongo, aliona kwa macho ya moyo kitambaa cheupe kikifunuliwa na yule farasi akitokea, na akajua kwamba jioni hiyo redio haitahitaji hata kusoma jina lake.

"Mimi."

Sauti ilitoka nyuma ya ukuta wa mawe. Bakhtmina alikuja amejifunika gubigubi, akasimama kati ya kaburi na koleo. Wanaume waliinamisha macho, hata wale wenye bunduki, maana desturi ni desturi.

"Mama, hili si jambo la wanawake," alisema Rahatullah akitazama viatu vyake.

"Kuosha mtoto si jambo la wanawake? Wewe mama yako alimwachia nani akuoshe?"

Mmoja wa wale vijana alikohoa kuficha kicheko. Rahatullah uso ukamwiva. Alitia mkono kifuani, akatoa Msahafu mdogo uliofungwa katika kitambaa cha kijani.

"Una udhu?"

"Ninao."

"Basi apa."

Dauran alimjua mkewe miaka arobaini. Alikuwa mwanamke asiyekalia kiti chenye karatasi ya Kiarabu bila kwanza kuiokota na kuibusu. Alijua kwamba kwake kufa njia panda kulikuwa jambo dogo kuliko kuapa uongo. Angeweza kupiga kelele, "Mwacheni, mimi ndiye!" Alinyamaza kwa sababu alitaka kuishi, nami simtetei wala simlaumu, sikuwa mimi niliyesimama pale.

Bakhtmina aliweka kiganja juu ya Msahafu. "Naapa kwa Mungu aliyekishusha Kitabu hiki," alisema, na sauti yake haikutetemeka. "Humu kaburini yumo mtoto wa kiume wa Waislamu. Nimemwosha kwa mikono hii, nimemvika sanda niliyojiwekea mimi. Alikuwa na kovu juu ya jicho la kushoto. Nywele zake zilikuwa za mama yake, za shaba. Nikisema uongo, nisiione Pepo wala nisiione kaburi la kunipokea."

Hata Dauran, kwa muda wa pumzi moja, alimwona huyo mtoto mwenye kovu.

Rahatullah aliurudisha Msahafu kifuani. Wenye koleo walirudi nyuma. Waling'oa vitambaa vyote, wakavichoma palepale, wakatia risasi tatu hewani, na wakasema atakayekuja kuomba hapa atajua habari yake. Kisha wakaenda. Sabz Ali alikuwa wa mwisho kuondoka. Alimtazama Dauran, akashika njia na viberiti vyake.

Nyumbani, Bakhtmina alikaa mbele ya jiko, asiwashe moto.

"Umeapa," alisema Dauran.

"Nimeapa."

"Kwa ajili ya mawe."

"Mawe!" Alimgeukia kwa ukali ambao hakuwahi kuuona. "Mawe yote ya bonde hili yaanguke mtoni, unafikiri nitalia? Nimeapa kwa ajili ya shingo yako, mwanamume mjinga. Sikuwa tayari kuamka nikute kitanda baridi." Akafunika uso kwa shuka. Baadaye alisema polepole, "Sasa sikiliza. Kila mtu kijijini amenisikia. Lile kaburi lina mtoto. Halifunguliwi. Leo wala kesho, wakiondoka hawa wala wasipoondoka. Ukilifukua, unanifukua mimi, mbele ya watu wote."

"Sitalifukua."

"Sema tena."

"Nimekupa neno langu."

Kwetu neno la mwanamume halina kamba lakini hufunga. Tangu siku ile Bakhtmina alifunga kila Jumatatu na Alhamisi, akakonda. Usingizini alijigeuza akisema maneno yasiyosikika. Dauran alitamani kumwuliza imamu kama kiapo cha mtu aliyeelekezewa bunduki kinahesabiwa. Lakini kuuliza ni kusema. Hofu yake ilikuwa imevua nguo na kuvaa nyingine tu. Sasa hakuogopa tena njia panda, aliogopa mvua isije ikachukua udongo wa kaburi, aliogopa mbwa wanaofukua, aliogopa siku ya Kiyama kwa niaba ya mtu mwingine.

Mwezi wa Mei jeshi liliingia kupigana na wale watu, vita kamili vikafika, bonde zima likakimbia kwa miguu, na tuliporudi kabla ya baridi, Rahatullah hakuwapo. Wengine husema aliuawa, wengine husema anauza dengu mji mwingine. Kioo cha Sabz Ali kiligeuzwa kikatazama watu. Na wakubwa wa mjini wakarudi, safari hii na kijana mmoja msomi, Inayat, mpole, ana kitabu chenye picha za vipande vyote. Alikaa wiki sita sakafuni mwa ghala na brashi na vibakuli, akiokota makombo, akiyaunganisha mguu kwa mguu, pua kwa pua. Dauran alimsaidia. Zilikuwa wiki zake njema. Alichukua kombo dogo kama ukucha akasema, "Hili ni sikio la ndovu, weka kule," na Inayat aliweka, likakaa.

Siku ya mwisho Inayat alimwita kando. Alikuwa na picha tatu mkononi.

"Ami, nyundo huacha makombo. Kila kilichovunjwa humu nimekipata makombo yake, hata vumbi lake. Haya matatu hayana hata kombo moja." Alimwonyesha mke aliyelala, kwato zilizobebwa, farasi aliyepiga magoti. "Haya hayakuvunjwa. Yalitoka humu mazima. Na ufunguo ulikuwa nao wewe."

Dauran alizitazama picha. Kutoka pale mlangoni, mizeituni ya makaburini ilionekana, hatua mia nne, pengine pungufu. Angeinua kidole tu. Watu wangekuja na majembe na kamera, kijiji kizima kingesimama pale, Tajbaro mbele, na kitambaa cheupe kingefunuliwa.

"Ami," alisema Inayat, na ilikuwa kama anaomba. "Niambie uliyaficha. Niambie hivyo, nami nitakupandisha juu ya mabega yangu hadi mjini. Ami, uliyaficha?"

"Niliyauza," alisema Dauran.

"Kwa nani?"

"Sikumjua."

Inayat alikifunga kitabu taratibu. Alikuwa na machozi, na Dauran hakuwa nayo.

Polisi walimweka ndani siku kumi na tisa, wakampiga kiasi, wakamwachia kwa sababu ya umri. Ufunguo alipewa mtu mwingine, mtu mzuri tu, asiyejua tofauti ya mguu wa ng'ombe na wa ndovu. Dauran alirudi Gulbanda na ndevu za mahabusu, akaenda moja kwa moja kwa Sabz Ali. Alikaa kitini. Sabz Ali alimfunga shuka shingoni, akamnyoa kimya, vizuri kama siku zote, akamfuta. Wateja wawili waliokuwapo walitazama nje. Dauran alipotoa sarafu, kinyozi alizisukuma kwa mgongo wa mkono.

"Kaa nazo. Pesa ya mawe siitaki kwenye sanduku langu."

"Sabz Ali."

"Miaka yote nilikutania, Dauran, nikijua natania mtu mwaminifu. Sasa nikikutania nitakuwa nakutukana. Nenda, bwana. Ukija tena nitakunyoa, lakini tusiongee."

Alitembea nyumbani na shingo iliyonyolewa ikimwuma kwa baridi. Bakhtmina alikuwa amepika mkate wa mahindi na mboga ya haradali. Habari ilikuwa imemtangulia, kama zinavyotangulia habari zote zipitazo bombani. Alimwekea sahani, akamwekea bakuli la maziwa ya mgando, akasimama juu yake mikono imelowa.

"Kula, mwizi wangu," alisema. Akageuka haraka kuelekea jikoni.

Dauran alivuta sahani, akala chote, kwa sababu alikuwa na njaa na kwa sababu Bakhtmina kule jikoni alikuwa akimsikiliza akila.